Injini Mpya ya Mzee Musallam

Pikapu ilizima kwenye taa za barabarani za mtaa wa Al Rigga asubuhi, mbele ya basi na teksi na watu waliokuwa wakiwahi kazini. Ibtihal alizungusha ufunguo. Stata ililia, injini ikakohoa, ikalitikisa gari zima kana kwamba inataka kuwaka, kisha ikanyamaza. Taa ikawa kijani. Nyuma yao honi zikaanza.

"Waka basi, waka," alisema kwa sauti ya chini, jasho likimtoka chini ya mtandio ingawa ilikuwa Januari na hewa ilikuwa ya baridi.

Kando yake baba yake, Mzee Musallam, alikaa wima kwenye kiti cha abiria. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani, hauna nguvu tangu alipopatwa na kiharusi. Wa kushoto ulishika breki ya mkono, ile iliyo katikati ya viti. Siku hizi ndivyo alivyokuwa akisafiri: akishapanda tu, mkono huo unakwenda hapo na hautoki mpaka wafike. Ibtihal alidhani anajishikilia asiyumbe.

"Maji," alisema mzee.

"Subiri kidogo, Baba."

"Maji!"

Ibtihal alichomoa chupa mlangoni, akaifungua kwa haraka, akampa. Mzee aliisukuma kwa kiwiko, maji yakamwagika kwenye kanzu. Alimtazama binti yake kwa hasira ya mtu anayepiga kelele nyuma ya kioo, halafu akageuza uso.

Mwendesha pikipiki wa kupeleka chakula alishuka, akamwita mwenzake, wakaisukuma pikapu hadi pembeni. Baada ya kujaribu tena na tena iliwaka, ikitetemeka, sauti yake ikipanda na kushuka. Walifika hospitali wakiwa wamechelewa, na dada aliyekuwa akimfanyisha mzee mazoezi ya viungo alikuwa amekwisha kumchukua mgonjwa mwingine.

Jioni ile nyumbani Rashidiya mama yake, Bi Kuruthum, alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, mie gari hiyo nshaichoka. Siku moja itawazimikia katikati ya barabara kuu, malori yaje nyuma yenu. Hapo tutasema nini?"

"Mama, gari langu ni la chini mno. Mara ya mwisho nilipompandisha mle tulishindwa kumtoa. Pikapu kiti chake kiko usawa wa nyonga. Anakaa, anageuka, basi."

"Kodi teksi."

"Teksi hataki. Hata hiyo pikapu nikiichukua peke yangu hataki. Anasimama mlangoni mpaka nimpandishe."

Bi Kuruthum alikichukua tena kikombe chake, maana hayo alikuwa ameyaona mwenyewe.

Pikapu ile ilikuwa kubwa kuliko Ibtihal kwa umri. Mzee Musallam aliinunua miaka ya themanini, alipokuwa fundi wa viyoyozi, na kwa miaka mingi ilibeba ngazi, mabomba na watoto wake wawili. Injini yake ya zamani ilipokufa kabisa, watu walimshauri aitupe. Yeye alikwenda Sharjah kwa wauza vyuma vya magari, akarudi na injini ya gari jipya zaidi, ya petroli, yenye kompyuta yake. Akaifunga mwenyewe uani, jioni baada ya jioni, akiwa na rafiki yake mmoja wa kushikilia taa. Alifanikiwa kuiwasha. Aliizungusha mtaani, majirani wakampigia makofi. Wiki iyo hiyo kiharusi kikamwangusha bafuni.

Kilimwachia maneno machache, na hayo machache hayakuja alipoyaita. Alipotaka kanzu alisema kikombe. Alipotaka kuzimiwa taa alisema Ijumaa. Bi Kuruthum alikuwa hodari wa kubahatisha, na mara nyingi walicheka wote wawili. Lakini lile neno la maji lilimshinda. Mzee alilitaja kila ilipozungumzwa pikapu, akapiga mguu sakafuni, na kila alipoletewa maji alikataa kunywa.

Kaka yake Ibtihal, Yaqoub, aliyekuwa akifanya kazi Abu Dhabi, alikuwa na maelezo yake, na alikuwa ameyasema mbele ya baba.

"Alipoifunga ile injini tayari alikuwa anaumwa, nyie hamkujua tu. Kichwa kilishaanza kuchoka. Amekosea mahali na hakuna fundi atakayejua ni wapi. Khalas, yamekwisha, iende chuma chakavu."

Ibtihal alikumbuka sura ya baba yake siku ile. Alikuwa amesikia kila neno. Hoja ya kumjibu mwanawe alikuwa nayo; ulimi ndio uliomkatalia.

Gereji ya kwanza walikoipeleka ilibadilisha plagi, ikabadilisha pampu ya mafuta, ikabadilisha na betri. Pikapu ilitoka vilevile ilivyoingia: asubuhi haitaki kuwaka, ikishawaka inatetemeka, ikifika kwenye taa inazima. Mwishowe wakamwambia Ibtihal injini imekufa, atafute nyingine.

Kazini kwake, katika ofisi ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, alimsimulia mwenzake Marietha, dada wa Kitanzania aliyekaa meza ya pili.

"Mpeleke kwa Lawrence," Marietha alisema. "Mkenya mmoja, ana gereji Umm Ramool. Anasali na sisi. Ana maringo kidogo, lakini hakubadilishii kitu kabla hajajua kibovu ni kipi."

Lawrence alikuwa mtu mrefu wa Nakuru, ovaroli lake safi kupita kawaida ya mafundi. Hakufungua boneti. Alimwuliza maswali akiwa ameegemea ukuta.

"Asubuhi inasumbua kuwaka. Na mchana ikiwa imetembea?"

"Ikiwa moto inawaka vizuri. Kuzima ndiyo inazima tu."

"Sawa. Basi niachie ilale hapa. Nataka kuiona ikiwa baridi kabisa, kabla mtu hajaigusa. Kesho ukuje mapema, na usiniambie injini imekufa. Mimi ndio nitakuambia."

Ibtihal alitaka kwenda peke yake, ila asubuhi baba yake alikuwa tayari sebuleni, amevaa kofia, fimbo mkononi. Walikwenda kwa gari lake dogo. Kumtoa mle ilimbidi Lawrence aje amshike kwapani, naye Ibtihal amvute miguu, na mzee akawacheka wote wawili. Lawrence alimletea kiti cha plastiki, akakiweka karibu kabisa na pikapu.

"Shikamoo mzee. Wewe ndio fundi wa hii?"

Mzee Musallam aliinua mkono wa kushoto.

Lawrence alifungua boneti, akainama. Aligusa vyuma vinavyoibeba injini, akafuata nyaya kwa kidole, moja baada ya nyingine, mpaka zilikoingia nyuma ya dashibodi.

"Nani alisema huyu mzee alikuwa amechanganyikiwa?" aliuliza.

Ibtihal alishtuka. Hakukumbuka kama alimwambia hilo. Labda Marietha.

"Kaka yangu."

"Mwambie akuje aone. Injini imekaa sawa kama imetoka kiwandani. Nyaya amezifunga vizuri kuliko watu wanaolipwa." Akachomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, akawasha swichi bila kuwasha injini. Akatazama kioo cha mashine, akaweka kiganja juu ya injini, akatazama tena. Kisha akaanza kucheka.

"Dada, kuja. Weka mkono hapa."

Ibtihal aliweka. Chuma kilikuwa baridi kama sinia la jikoni alfajiri.

"Sasa soma hapa. Kompyuta inasema injini iko na joto la nyuzi karibu tisini. Imelala hapa usiku mzima, inafikiri inachemka."

"Na hiyo ndiyo…"

"Injini ikiwa baridi inataka petroli zaidi ndio iwake. Kompyuta hii haiwezi kuipa, kwa sababu inaamini imeshapata moto. Inainyima. Ndio maana asubuhi inakohoa tu." Akamwelekeza kidole kwenye dashibodi. "Na huo mshale wa joto, ulishawahi kuuona ukipanda?"

Ibtihal alifikiri. Hakuwahi. Alidhani umekufa kwa uzee.

Lawrence alirudi kwenye injini, akamwonyesha sensa mbili ndogo, yaani vipima joto, zilizokaa karibu karibu, moja ya kompyuta, nyingine ya ule mshale. Vichwa vya nyaya zake vilifanana. Vilikuwa vimebadilishana. Alivichomoa, akakuta havifiki vizuri, akaurefusha waya mmoja, akavirudisha kila kimoja mahali pake.

"Hili ni kosa la mtu yeyote," alisema, akimtazama mzee na si binti. "Hata mimi nimeshalifanya, na mimi sikuwa mgonjwa."

Mzee Musallam alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubali hesabu iliyosahihishwa.

Ibtihal aliwasha. Injini ilishika mara moja, bila kikohozi. Alipiga yowe akaziba mdomo. Baba yake alipiga goti lake kwa kiganja. Kwa muda ule mfupi ilionekana mambo yamekwisha, hata Lawrence alishaanza kufuta mikono.

"Zungukeni nje kidogo, mrudi," alisema.

Walikwenda, mzee kwenye kiti chake, mkono kwenye breki. Kwenye taa ya kwanza nje ya eneo la gereji Ibtihal alipunguza mwendo, akakanyaga breki, na injini ikatetemeka, ikashuka, ikazima.

Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili. Kilichomuuma zaidi ni ile furaha aliyoionyesha mapema. Simu ikaita, alikuwa Yaqoub.

"Vipi, wamesemaje?"

"Tumepata kitu kimoja. Bado inazima."

"Nilikwambia, Ibtihal. Nilikwambia."

"Nitakupigia," alisema, akakata.

"Maji," alisema baba yake, polepole sana, akimtazama machoni. Aliinyanyua fimbo na kuigonga sakafu ya gari, upande wa dereva, karibu na mguu wake. "Maji."

"Mguu unauma, Baba?"

Mzee alifumba macho.

Iliwaka tena upesi, hilo angalau lilikuwa limepona. Alirudi gereji akiendesha kama aliyebeba mayai. Alipomweleza Lawrence, fundi hakuonyesha kukata tamaa. Alionekana hata kufurahi kidogo.

"Basi ziko shida mbili. Watu wamekuwa wakitafuta moja, ndio maana hawapati. Hebu niambie, ukifika kwenye taa unafanya nini? Kila kitu, usiache hata kimoja."

"Naachia mafuta. Natoa gia. Nakanyaga breki. Inazima."

"Ushawahi kusimama bila kukanyaga breki?"

"Nitasimamaje bila breki?"

"Kuja hapa." Aliingia mwenyewe, akawasha, akavuta breki ya mkono, akainua miguu yote miwili. Pikapu ilinguruma kwa kusuasua, haikutulia, lakini haikuzima. Wakasubiri. Haikuzima. Kisha akaweka mguu kwenye pedali ya breki, akabonyeza. Injini ikashuka mara moja na kukaribia kufa. Akaachia, ikapanda. Akabonyeza tena, na safari hii wote watatu wakaisikia: sauti nyembamba ya hewa ikivutwa mahali fulani nyuma ya injini.

Lawrence alizima. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hii pedali ni ngumu hivi tangu lini?"

"Ni ngumu tangu nianze kuiendesha. Nilidhani magari ya zamani yako hivyo."

"Hapana dada. Haiko hivyo."

Alichukua taa, akapanda juu ya bampa, akalala kifudifudi juu ya injini huku mkono wake ukipita nyuma kabisa, karibu na ukuta wa chumba cha dereva. Pale palikuwa na jungu jeusi la chuma ambalo mafundi huliita busta, linalotumia mvuto wa hewa ya injini kuifanya breki iwe nyepesi. Mpira unaoliunganisha na injini ulikuwa umefichwa chini ya kitambaa cha kukinga joto. Lawrence alikitoa. Akaubana mpira kwa plaizi.

"Washa."

Ibtihal aliwasha, na akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu baba yake augue. Injini ilitulia. Haikupanda wala kushuka. Ilinguruma chini kwa chini, sawasawa, na kile kioo cha pembeni kilichokuwa kikitetemeka siku zote kikasimama, akaona sura yake mle ndani bila kuyumba.

Alipozima, Lawrence alikuwa ameshaukata ule mpira. Aliuinua juu uonekane. Ulikuwa wa kijani, wenye mistari ya manjano, umepasuka kwa urefu upande wa chini.

"Huu si mpira wa gari," alisema. "Huu ni…"

"Mpira wa maji," Ibtihal alisema. "Wa bustani. Ni wetu, ule wa kumwagilia. Mama alikitafuta kipande hicho kila mahali…"

Hakumaliza. Aligeuka.

Mzee Musallam alikuwa amesimama. Hakuna aliyemsaidia kusimama. Ameegemea fimbo, uso mzima umelowa, naye anacheka na kulia kwa pamoja.

"Maji!" alisema. "Maji, maji!"

"Baba. Ulikuwa unajua."

Aliitikia kwa kichwa, kwa nguvu. Akaegemea pikapu, akaonyesha mpira, akapeperusha vidole vya mkono wa kushoto, kidogo tu, kidogo tu, ishara ya kitu cha muda. Ibtihal alimsaidia.

"Uliuweka kwa muda tu. Mpaka upate wenyewe."

Ndiyo.

"Halafu ukaugua."

Ndiyo. Kisha akaugusa mguu wa binti yake kwa ncha ya fimbo, ule wa breki, na baada ya hapo akaiegemeza fimbo kwenye pikapu, akanyoosha mkono wa kushoto hewani na kuukunja, akavuta kuelekea kwake. Alivuta tena. Ilimchukua Ibtihal muda kuelewa kwamba anamwonyesha breki ya mkono.

Hakuwa akijishikilia. Safari zote zile, kwenda hospitali na kurudi, alikuwa akijua mpira ule unaweza kukatika kabisa wakati wowote na kumwacha binti yake na pedali ngumu kama jiwe. Alishindwa kumwambia. Basi alichoweza kufanya ni kupanda naye kila mara, asimwache aende peke yake, na kuuweka ule mkono wake mzima mahali ambapo ungeweza kusaidia.

Ibtihal alimkumbatia pale pale katikati ya gereji, mpira wa kijani ukiwa baina yao, akalia begani kwake. Mzee alimpigapiga mgongoni. Lawrence aliondoka akasema anatafuta klipu ya kubania mpira, akachukua muda mrefu kuitafuta.

Mpira halisi ulipatikana duka la jirani. Lawrence aliufunga, akaujaribu, akampa mzee auguse mwenyewe kabla ya kurudisha kile kitambaa. Mzee aliuminya, akauvuta, akaridhika. Kisha akamshukuru fundi kwa kumshika mkono na kuuweka kifuani pake.

"Mzee, kazi ni yako," Lawrence alisema. "Mimi nimemalizia tu."

Ibtihal alimpigia Yaqoub kabla hawajaondoka. Alimweleza yote, mpaka lile neno la maji.

"Alikuwa ananiambia hata mimi," Yaqoub alisema. "Siku ile niliposema amechanganyikiwa. Alisema maji, nikamwambia Mama amletee."

"Sote tulimletea."

"Injini je?"

"Nzima. Fundi anasema kama imetoka kiwandani."

"Baba yuko hapo? Nipe niongee naye. Hapana, usinipe. Nakuja."

Walirudi Rashidiya kwa barabara ya kawaida, wakisimama kwenye kila taa kama watu wengine, na gari likingoja kijani likiwa limetulia. Pedali ilikuwa laini hata mara ya kwanza Ibtihal aliikanyaga kupita kiasi, wakainama mbele wote wawili. Mzee alikuwa ameukunja mkono wake wa kushoto nyuma ya kichwa na kutazama maduka dirishani. Mahali fulani njiani alianza kuvuta sauti puani, wimbo usio na maneno.

Bi Kuruthum alisimuliwa mlangoni. Alisikiliza mkono ukiwa mdomoni, kisha akamgeukia mumewe.

"Ala! Kumbe mpira wangu ni wewe uliyeukata? Mie nkamsingizia mtunza bustani wa watu!" Akampiga begani kwa kanga, akaingia jikoni haraka ili asionekane machozi.

Ibtihal aliketi kwenye kochi avue viatu. Alivua kimoja. Alikuwa amelala kwa mashaka kwa majuma mengi, akiamka kabla ya adhana kuiwaza injini ile na barabara ile, na sasa kichwa kilikuwa kizito ghafla, uzito mtamu. Akasema atalala kidogo tu mpaka chakula kiive.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshainamia upande wa pili wa ua, na mtu alikuwa amemfunika shuka. Nje, gari la Yaqoub lilikuwa limeegeshwa vibaya getini. Boneti ya pikapu ilikuwa juu. Kaka yake alikuwa ameinama ndani yake, shati jeupe la kazini limeshachafuka, na baba yao amekaa kitini kando yake, akielekeza kwa fimbo.

"Hii ndiyo ya petroli?" Yaqoub aliuliza.

"Alhamisi," alisema mzee.

"Sawa. Na hii?"

"Kijiko."

"Kijiko. Kinapeleka wapi?"

Fimbo ilionyesha. Yaqoub aliifuata kwa kidole, hana haraka yoyote, akauliza tena. Jikoni Bi Kuruthum aliita kwamba wali unapoa. Wale wawili waliendelea na injini, na Ibtihal akajivutia shuka mpaka shingoni, akafumba macho tena.